Sauti Iliyoondolewa: Kuitazama Upya Blade Runner

Kila ninapoitaja filamu ya Blade Runner darasani, wanafunzi huuliza swali lile lile: tutazame toleo lipi? Jibu langu huwa mawili. Anayetazama kwa starehe achukue toleo la mwaka 2007. Anayejiandaa kuwa mwalimu wa lugha aanze na lile la 1982, pamoja na kasoro zake zote.

Kwa wale ambao hawajaiona, filamu hii iliongozwa na Ridley Scott, nayo imetokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Kisa kimewekwa Los Angeles, Novemba 2019, katika mji wa giza na mvua isiyokatika. Rick Deckard (Harrison Ford) ana kazi ya kuwasaka na kuwaua replikanti, viumbe walioundwa wafanane na binadamu na ambao wamepewa miaka 4 tu ya kuishi. Ilipotoka Marekani tarehe 25 Juni 1982 haikufanya vizuri katika kumbi za sinema, E.T. ilikuwa imeitangulia kwa wiki mbili na ndiyo iliyowavuta watu. Kilichoiokoa ni kanda za video. Filamu iliyosheheni mambo madogo madogo namna hii hufaidi mtazamaji anayeweza kurudisha kanda nyuma, na sisi tuliokutana nayo kwanza kwenye deki tuliirudisha mpaka picha zikaanza kucheza.

Kanda hizo zilikuwa na sauti ya Deckard akisimulia. Haikuwa imepangwa hivyo kwa mtindo tuliousikia. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio huko Denver na Dallas, watazamaji walilalamika kwamba hawaielewi, na studio ikataka usimulizi wa kuwasaidia. Kwa sehemu kubwa lilikuwa kosa. Chukua kifo cha Roy Batty, kiongozi wa replikanti, aliyeigizwa na Rutger Hauer (naye Hauer alifariki mwaka 2019, mwaka ule ule wa kisa). Batty amemwokoa adui wake asianguke kutoka juu ya jengo. Anaketi mvuani, anataja mambo aliyoyaona ambayo yatapotea pamoja naye, anainamisha kichwa. Hauer mwenyewe aliyapunguza maneno ya mswada na kuongeza ya kwake mwishoni. Baada ya hapo panahitajika kimya. Lakini toleo la 1982 linamwingiza Deckard atueleze kwa nini pengine Batty hakumuua. Ni sawa na mghani anayemaliza shairi kisha akaanza kulifafanua kabla hatujapumua.

Hapa Uganda tunajua kwamba sauti juu ya picha si dhambi. VJ katika kibanda cha video hutafsiri kwa Kiganda, hutania, hubishana na wahusika, na wako wanaolipa kiingilio ili wamsikie yeye. Ila VJ huongeza jambo. Deckard, mara nyingi, hurudia tunaloliona.

Toleo la 1992 liliufuta usimulizi huo, likafuta pia ule mwisho wa furaha uliotumia picha za milima zilizobaki kutoka filamu ya The Shining ya Stanley Kubrick. Toleo la 2007 likafuata njia hiyo. Nilishangilia. Ila kuna mahali pamoja ninapodai sauti irudishwe.

Ni kwenye kibanda cha tambi. Deckard anaagiza vipande vinne, muuzaji mzee anamjibu kwa Kijapani kwamba viwili vinatosha. Anatokea Gaff (Edward James Olmos) na kumwamuru amfuate, kwa lugha ya mchanganyiko ambayo Olmos alishiriki kuibuni. Muuzaji anageuka mkalimani, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Deckard anaendelea kula na kujibu kwamba wamekosea mtu. Katika toleo la 2007 tunaishia hapo, tukiamini kwamba hakuelewa neno. Katika toleo la 1982 sauti inatuambia mambo mawili: kwamba hiyo ni lugha ya mitaroni, mseto wa Kijapani, Kihispania na Kijerumani, na kwamba yeye anaijua, kama askari yeyote mzuri, ila hakutaka kumrahisishia Gaff kazi.

Jambo la kwanza lina walakini. Sikilizeni vizuri: sentensi ya Gaff inaanza na neno la Kifaransa, inapita katika Kihungari na kumalizikia kwenye Kijerumani. Kihungari ndicho kilichotawala pale, na msimulizi hakukitaja. Iwe makusudi au uzembe wa watengenezaji, tunabaki na mtu anayeidharau lugha bila kujua imeundwa na nini. Hukumu za namna hiyo tunazisikia kila siku kuhusu Luyaaye ya vijana wa Kampala.

Jambo la pili linauma zaidi, yaani mtu kuijua lugha na kujifanya haijui. Kiswahili kwetu kiliitwa kwa miaka mingi lugha ya askari na wezi, na sote tunamjua mtu anayekifahamu barabara lakini akisalimiwa kwacho hujibu kwa Kiingereza. Deckard ni mtu huyo. Toleo lililosafishwa limemfanya mgeni tu asiyeelewa.

Mwenzangu mmoja idarani hushikilia kwamba uso wa Ford unatosha kutuonyesha hila hiyo. Nimeutazama tena na tena. Mdomo umejaa tambi na macho hayasemi kitu.

Mkusanyo wa diski wa mwaka 2007 ulitolewa pia ukiwa na matoleo matano. Mwalimu akiupata, aonyeshe kibanda cha tambi mara mbili, kwanza bila sauti ya msimulizi, na awaambie wanafunzi waandike kama Deckard anaelewa anachoambiwa. Karatasi zikusanywe kabla ya kuonyesha mara ya pili.