Tarehe Kabla ya Jina: Kuwatafuta Wapolandi Waliohamishwa Zama za Vita

Mtu atakaye kujua habari za ahli zake waliochukuliwa kutoka Polandi ya mashariki zama za Vita Vikuu vya Pili, aghlabu huanza na jina. Hulitaja jina la babu au la bibi kama lilivyotamkwa nyumbani, akaliulizia kwenye hifadhi ya nyaraka, na akijibiwa kwamba halimo hudhani kuwa habari za mtu wake zimepotea pamoja naye. Rai yangu ni kwamba njia hiyo imeanzia katikati, kwa kuwa makarani wa Kisovieti walioziandika daftari za waliohamishwa hawakuwa na haja ya jina ila baada ya dola kwisha kuamua sababu ya kumhamisha mtu. Na sababu ile ilifungamana na tarehe, na tarehe ikafungamana na mahali alikopelekwa.

Majeshi ya Kisovieti yaliingia Polandi tarehe 17 Septemba 1939, na kabla ya kutimia miaka miwili raia wakahamishwa kwa mikupuo minne, kila mkupuo na watu wake. Wa kwanza, usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, uliwachukua walowezi waliokuwa askari wa zamani waliopewa mashamba, pamoja na walinzi wa misitu, baba na mama na watoto na wazee kwa jumla, wakapelekwa Siberia na misitu ya kaskazini, kama jimbo la Arkhangelsk, kukata magogo. Wa pili, tarehe 13 Aprili 1940, uliziangukia aila za watu waliokwisha kukamatwa, wengi wao wanawake na watoto, nao wakatupwa Kazakhstan. Wa tatu, mwishoni mwa Juni mwaka huo huo, ulikuwa wa wakimbizi waliolikimbia jeshi la Kijerumani kutoka Polandi ya magharibi, na wengi katika hao walikuwa Mayahudi. Wa nne, wa Mei na Juni 1941, ulikuwa haujesha Wajerumani walipoishambulia Urusi tarehe 22 Juni. Basi mjukuu asemaye kwamba bibi yake alichukuliwa katika theluji, nyumba nzima, babu akiwemo, amekwisha kutoa dalili kubwa kuliko jina. Na asemaye kwamba bibi alichukuliwa yeye na wanawe tu, kwa kuwa mumewe alikuwa kizuizini tangu miezi ya nyuma, ametoa dalili nyingine iliyo mbali kabisa na ile ya kwanza.

Mkupuo wa Aprili wastahili kutazamwa kwa utulivu, maana una mlango ambao wengi huupita bila ya kuubisha. Maafisa na polisi wa Kipolandi waliofungwa katika makambi ya Kozelsk, Starobelsk na Ostashkov walihukumiwa kuuawa kwa azimio lililopitishwa Moscow tarehe 5 Machi 1940, na siku hizo hizo Beria, mkuu wa NKVD, polisi ya siri ya Kisovieti, akaamuru ziandikwe orodha za aila zao pamoja na maskani zao, ili wake na watoto wahamishwe. Ndiyo kusema kwamba yule mume aliyepigwa risasi katika msitu wa Katyn, au kwingineko majira yale yale, ndiye aliyemwandikisha mkewe pasi na kujua, na kwamba mtafiti aliyeshindwa kumwona mke apaswa kumtafuta mume kwanza, kwa kuwa majina ya wafungwa wale yamechapishwa na kuchunguzwa kuliko ya watu wengi wa wakati ule.

Likisha kupatikana kundi, ndipo jina linapoanza kufaa, nalo lina matata yake. Faili iliandikwa kwa mkuu wa aila, na wengine wakawekwa chini yake, hata mtoto wa miaka mitano akawa hana faili yake mwenyewe. Karani aliandika kwa hati ya Kirusi, ambayo haina herufi ya H ya Kipolandi, akaiweka G mahali pake. Basi Helena akawa Gelena, na Hajduk akawa Gajduk, na jina liliporejeshwa katika hati za Kilatini miaka mingi baadaye likarejea na kosa lake. Tena Mrusi humtaja mtu kwa jina la baba yake, jambo lisilokuwa desturi ya Wapolandi. Na hapo hasara imegeuka faida, kwani katika Jan Kowalski wasio na idadi, jina la baba ndilo litakalombainisha mmoja.

Kazi kubwa ya kuzikusanya habari hizo ilifanywa na kituo cha Karta cha Warszawa, kilichoanza mwaka 1988 orodha iitwayo Faharasa ya Walioonewa, nayo sasa i mikononi mwa Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Polandi. Humo mtu huweza kuona mwaka wa kuzaliwa, mahali alipotolewa, alikopelekwa, na mara nyingi siku aliyoachiliwa. Wako wanaopeleka maulizo yao kwenye hifadhi ya nyaraka ya Arolsen, Ujerumani, wakangoja miezi, wakajibiwa kwamba hakuna kitu. Na hapana ajabu, kwani hazina ile kubwa ni ya walioteswa na kutumikishwa na Wajerumani, na aliyechukuliwa na Warusi aghlabu hana sababu ya kuwamo humo.

Baada ya mkataba wa Julai 1941 baina ya serikali ya Kipolandi ya uhamishoni ya Sikorski na Moscow, wafungwa na waliohamishwa walipewa msamaha, na kila aliyeachiliwa akapata cheti. Toka hapo nyaraka zinamfuata kama forodha zinavyolifuata jahazi: kila bandari ina daftari yake, na hakuna iliyoandika safari nzima. Mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000, askari wa jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders na raia, walivuka Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlevi, Uajemi. Aliyeingia jeshini ana faili ya utumishi, na faili hizo zilihifadhiwa miaka mingi na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Lakini mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo usisadikiwe upesi, kwani wavulana wengi walijiongezea umri ili wapate mgao wa askari. Ushahidi uliokusanywa kwa waliohamishwa katika jeshi lile, ukiwemo ule ulioandikwa na watoto kwa mikono yao, umo katika Taasisi ya Hoover huko California, na mara nyingine humtaja jirani wa behewa moja ambaye hakuna daftari nyingine imtajayo.

Raia walitawanywa India, Meksiko, New Zealand, na Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea kiasi cha watu 5,000, na wengine wakawekwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na huko Uganda Masindi na Koja. Mambo yao yaliandikwa katika majalada ya serikali ya kikoloni, na waliofariki Tengeru wana makaburi yao hapo, yenye majina yaliyoandikwa na Wapolandi wenyewe, kwa herufi zao; kwa mwenye kusahihisha jina lililoharibiwa na karani wa Kirusi, jiwe lile ni hoja yenye nguvu kuliko karatasi nyingi. Waliohamia Uingereza baada ya vita waonekana katika orodha za abiria wa meli, zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, huko Kew.

Wako lakini wasiovuka Kaspi, nao walikuwa wengi zaidi. Januari 1943 Moscow ilitangaza kwamba waliobakia ni raia wa Kisovieti, na miezi mitatu baadaye uhusiano na serikali ya Kipolandi iliyokuwa London ukakatika, hata hapakuwa na balozi wa kuwaandika. Hao hutafutwa mwisho wa safari: katika mwaka 1945 na 1946 wengi walirejeshwa kwa treni, wakaandikwa na Ofisi ya Serikali ya Kurejesha Raia, ambayo majalada yake yamo katika hifadhi za taifa za mikoa ya Polandi. Ila mipaka ilikwisha kusogezwa magharibi, na mji wa Lwów ulikuwa si wa Polandi tena. Wengi wa watu wake walikwenda kukaa Wrocław, kwa hiyo anayemtafuta mtu wa Lwów aanze kwa kupeleka barua yake huko.