Bibi na Ming'oko: Kazi Isiyojua Kustaafu

Ming'oko haijitangazi. Juni ikifika, mvua zikiwa zimekwisha katika vichaka vya Ruangwa na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mtambaazi wake huwa umenyauka na majani yamepukutika. Kinachobaki juu ya ardhi ni kamba nyembamba iliyokauka, imejisokota kwenye vijiti pamoja na kamba nyingine za mimea isiyolika. Chakula kiko chini, na njia ya kukifikia ni kamba hiyo tu. Ikivutwa kwa pupa hukatika, na ikishakatika, mahali pa kuchimba pamepotea. Hapo vijana wengi hukwama. Bibi zao hawakwami.

Ming'oko ni viazi vya porini vya ukoo wa viazi vikuu. Wataalamu wa mimea huviita Dioscorea hirtiflora. Ni vyembamba na virefu, unene wa kidole au kuzidi kidogo. Lindi na Mtwara hakuna asiyevijua. Huuzwa kwa mafungu sokoni na stendi, na abiria huvimenya kwa vidole ndani ya basi, maganda yakidondokea mapajani. Abiria huyo hamjui aliyevichimba. Mara nyingi ni mwanamke, na katika kundi la wachimbaji anayetangulia njia kwa kawaida ndiye mkubwa wao kwa umri.

Kusini imewahi kuwa na mwindaji mzee aliyevuma duniani. C.J.P. Ionides, bwana nyama wa Liwale, aliendelea kukamata nyoka hai, maelfu kwa maelfu, hata umri ulipokwenda na miguu ilipoanza kumsumbua. Alifariki mwaka 1968, na vitabu vilikuwa vimeandikwa juu yake angali hai. Sifa hiyo aliistahili. Lakini kazi ya bibi nayo ni mawindo: ina dalili za kufuatwa, ina hatari zake, na iko siku mtu hurudi na kikapu kitupu. Kwa kuwa haina bunduki wala meno ya nyoka, waandishi hawakuifuata.

Safari huanza mapema, jua halijapata nguvu. Huenda wawili, watatu au zaidi, kwa sababu kifutu hupenda kujilaza kwenye majani makavu, na tembo wa upande wa Liwale na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hawajui mipaka ya vijiji. Vifaa ni vichache: jembe lililolika mpaka likawa jepesi, panga, na muo, yaani kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha. Mazao yatabebwa kwa kikapu au ndoo.

Porini bibi hatembei akiikodolea macho ardhi. Macho yake yako usawa wa kiuno, pale mitambaazi inapoparamia vijiti. Akikaribia kichaka husimama kwanza. Anautazama udongo, maana mchanga laini huachia kiazi kirefu kilichonyooka, na ardhi ya changarawe hukipinda kikatoka vipande vipande. Pia anakumbuka. Anajua alipochimba mwaka juzi, alipopaacha papumzike, na upande ambao nguruwe mwitu walimtangulia. Kumbukumbu hiyo haikukusanywa kwa msimu mmoja, ndiyo maana mchimbaji wa miaka ishirini hana namna ya kuwa nayo, hata akiwa mwepesi kiasi gani.

Akiipata kamba anayoitaka, huishika kwa vidole viwili na kuiteremkia taratibu mpaka inapozama ardhini. Hapigi jembe hapo. Hufungua shimo pembeni, kisha huketi, mguu mmoja ameunyoosha, na kuchimba akikielekea kiazi kwa ubavu. Jembe hufanya kazi ya mbali. Likikaribia huwekwa chini, muo hushika zamu, na mwisho kabisa huingia vidole, vikifukua mchanga kidogo kidogo kuzunguka kiazi. Hakivuti mpaka akitikise na kukisikia kimelegea. Ming'oko iliyokatika huingiwa na mchanga, haikai, na mnunuzi akiiona kwenye fungu huitenga. Kijana hufungua mashimo mengi asubuhi moja. Bibi hufungua machache, na kikapu chake ndicho huwa na ming'oko mizima.

Kuketi huko kunastahili kutazamwa vizuri. Anayepita njiani hudhani mama mkubwa amechoka. La, ndiyo namna ya kazi. Aliyesimama hupiga jembe kutoka juu, na jembe la kutoka juu hukata. Aliyeketi ana mikono karibu na shimo, mgongo wake haubebi uzito, na anaweza kufanya kazi kwa saa nyingi bila kuhema. Mwili umepunguza nguvu, naye amekwisha kuipanga kazi kiasi kwamba nguvu hiyo haihitajiki sana. Wazee wengi hushindwa shambani kwa sababu wanataka kulima kama walivyolima zamani. Mchimba ming'oko mzee amebadili mwendo, akabakiza shabaha.

Halafu kuna jambo la mwisho, ambalo mgeni hulikosa kwa sababu hufanyika haraka. Bibi akitoa viazi, hachukui vyote. Hubakiza kichwa, sehemu ya juu inayoshikana na kamba, hukirudisha shimoni, akakifukia na kushindilia udongo kwa kiganja. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, kichwa kile huchipua, na kiangazi kinachofuata kuna cha kuchimba palepale. Mchimbaji mlafi huacha shimo wazi na chaka lililokufa. Umahiri wa fundi huyu, basi, haupimwi kwa kikapu cha leo peke yake. Hupimwa kwa anachokikuta mtu mwingine akija mwakani, na huenda mtu huyo si yeye.

Nyumbani mambo ni rahisi. Ming'oko huoshwa mpaka mchanga uishe, huchemshwa na maganda yake, na huliwa ikiwa ya moto au imepoa. Kidogo huuzwa, kikanunua sukari au daftari la mjukuu. Vyakula vya namna hii vimewahi kuokoa watu. Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905 viliacha njaa kubwa kusini baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na walionusurika waliishi kwa mizizi na matunda ya mwituni. Waliojua kichaka kipi kina nini ndio waliolisha wenzao.

Nguvu ya bibi mchimbaji imepimwa na watafiti, ingawa mbali na Ruangwa. Miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi wakihesabu saa ambazo kila mtu alitumia kutafuta chakula. Makala yao ya mwaka 1989 iliwashangaza wengi: wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, ndio waliotumia muda mrefu zaidi kazini, wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Baadaye walionyesha kwamba mama akijifungua mtoto mchanga, afya ya watoto wake waliotangulia hutegemea sana kazi ya bibi. Kutokana na hayo ikazuka hoja kwamba huenda binadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi walikuwa wanalisha wajukuu. Ruangwa hawakuhitaji makala kulijua hilo. Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na nafasi ya bibi mzaa mama nyumbani haihitaji kutetewa.

Nachingwea nayo ina ushahidi wa upande wa pili, wa kazi iliyofanywa bila ujuzi wa namna hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa kung'oa vichaka, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba kazi ilianza kabla ardhi na mvua havijasomwa. Sisemi jembe la bibi lingeipatia Uingereza mafuta ya kupikia iliyoyatafuta kwenye karanga hizo. Nasema tu kwamba kusoma chaka kabla ya kuligusa ni elimu, na waliokuwa nayo walikuwa wanaishi hapohapo.

Sasa vichaka vyenyewe vinapungua. Ufuta una bei, na mashamba mapya ya ufuta hufunguliwa kwa kufyeka na kuchoma mwitu. Mkulima hana kosa kutafuta fedha. Hata hivyo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuutungia taratibu, na vijiji kadhaa vya Ruangwa na Nachingwea vimefanya hivyo, hasa kwa ajili ya mbao kama mpingo. Katika mikutano ya kutenga misitu hiyo hutajwa miti na mapato. Ming'oko nayo iwekwe kwenye ajenda, na bibi wanaoijua waketi meza ya mbele wakati mipaka inapochorwa, kwa sababu ndio watakaosema chaka gani likifyekwa kijiji kitakuwa kimepoteza chakula.

Na wewe uliye na bibi Ruangwa, Nachingwea, Masasi au Newala, ukienda likizo usimzuie kwenda porini kwa kumwonea huruma. Mpe shikamoo, mbebee ndoo, mfuate. Akiketi pembeni ya shimo, keti naye, na muo akikupa, upokee. Ujuzi huu haufundishwi jikoni.