Nani Alichemsha Maji ya Mchungaji?

Hadithi za wamishenari tulizolishwa tangu Sande Skuli zina mpangilio mmoja: meli inatia nanga, Biblia inafunguliwa, umati unashuka mtoni kubatizwa. Hakuna anayekuambia maji ya chai yalitoka wapi. Nani aliyachota? Nani aliyachemsha? Riwaya ya Barbara Kingsolver, The Poisonwood Bible, ya mwaka wa 1998, inakuambia. Kwa hilo tu naiweka juu ya vitabu vingi vinavyojigamba kueleza Afrika na Wazungu wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Nathan Price, mhubiri Mbaptisti kutoka Georgia, Marekani, anambeba mkewe Orleanna na binti zao wanne hadi Kilanga, kijiji cha kubuni huko Kongo ya Wabelgiji. Ni 1959. Uhuru unakuja tarehe 30 Juni 1960, Lumumba anauawa Januari 1961, na katikati ya hayo wamishenari wenzao wanafunga virago. Nathan anakataa kuondoka. Pesa za misheni zinakatika. Familia iliyokuja kuokoa watu inaanza kulala njaa kama majirani.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo sina nadharia ya kuwarushia. Nakisoma kitabu hiki vile ningemsoma mgeni aliyeingia nyumbani: naangalia amebeba nini, na anamsalimia nani jikoni.

Akina Price wamebeba unga wa keki wa pakiti, umefichwa chini ya nguo ili kukwepa mzani wa ndege. Siku ya kupika keki ya besidei ikifika, unyevu umeugeuza jiwe. Nathan naye amebeba mbegu. Analima shamba tambarare kama la kwao. Mama Tataba, anayewafanyia kazi, anamwonyesha kwamba udongo wa pale hupandwa kwa matuta, hata anamwinulia matuta hayo mwenyewe. Nathan anayasawazisha. Mvua inakuja na kuosha kila kitu. Anaposalimu amri na kuinua matuta, mimea inanawiri vizuri sana lakini haizai, kwa sababu wadudu wa kuchavusha maua yake hawako huku. Hapo Kingsolver hajahubiri hata neno, na ushamalizana na Nathan.

Lugha nayo inamvua nguo. Neno bängala likitamkwa hivi ni kitu cha thamani, likitamkwa vile ni mti wa sumu unaowasha ngozi. Nathan hajisumbui na tofauti hiyo, kwa hivyo kila Jumapili anawatangazia watu kwa sauti kubwa kwamba Yesu ni upupu. Sisi tunaojua kwamba barabára hupitisha matatu na barábara ni kazi iliyofanywa sawasawa, tunaweza kucheka kwa haki. Halafu kuna ile siku chifu, Tata Ndu, anaitisha kura ibada ikiendelea: Kilanga wamtaka Yesu au hawamtaki? Nathan anafoka kwamba hayo si mambo ya kupigiwa kura. Anakumbushwa kuwa ni Wazungu hao hao waliokuja kusifu uchaguzi. Yesu anashindwa, 11 kwa 56.

Lakini mimi moyo wangu ulibaki jikoni. Mama Tataba alirithiwa kutoka kwa mmishenari aliyetangulia, Brother Fowles, pamoja na kasuku mwenye matusi. Siku anapokosana na Nathan na kuondoka (amejaribu kumweleza kwamba mamba alimla msichana mtoni, ndiyo maana hakuna mzazi atakayepeleka mtoto kubatizwa huko), ndipo Orleanna anagundua misheni ilikuwa imesimama juu ya nini. Kuni. Moto. Maji ya kuchemsha kila siku ya Mungu ili watoto wasife kwa kuhara. Mahubiri ya mumewe ni kitu kinachofanyika baada ya mwanamke fulani kumaliza kazi.

Nyanya yangu aliifulia familia ya wamishenari miaka ya sitini, huko bara. Akisimulia, hataji hata hubiri moja. Anataja pasi ya makaa. Anataja vile memsaab alikuwa analia kwa stoo mchana, kisha anajipaka poda kabla bwana hajarudi. Nilipomsoma Orleanna nilimtambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshasimuliwa habari zake na mtu aliyesimama mlangoni na nguo mkononi.

Na hapo ndipo ninapogombana na kitabu. Kina wasimulizi watano: mama na binti wanne. Nathan hapewi sura hata moja, uamuzi mzuri kabisa; mwenye mimbari ananyang'anywa maikrofoni. Lakini Mama Tataba pia hana sura. Nelson, kijana yatima anayechukua kazi yake na kulala katika banda lao la kuku, hana. Anatole, mwalimu ambaye Leah anakuja kuolewa naye, ni mpole, jasiri, mwanamapinduzi, mume mwema. Hanuki jasho hata siku moja. Kingsolver aliishi Kongo akiwa mtoto, na wazazi wake walikwenda kwa kazi ya afya, si ya kuhubiri. Anaijua nyumba ya mgeni kwa ndani. Kwa wenyeji anafika mlangoni.

Kama hujakisoma, ruka aya hii. Ruth May, kitindamimba, anaumwa na nyoka na kufa. Orleanna anatoa nje kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, majirani wanachukua, naye anashika njia na binti waliobaki. Ningekuwa mhariri ningeomba kitabu kiishie karibu na hapo. Badala yake kinaendelea kwa miongo kadhaa, tunatoka jikoni na kuingia darasani, na kina Leah wanatufafanulia Mobutu na Marekani. Mengi wanayosema ni kweli. Nilikuwa nimeshayaelewa kwa yale matuta.

Baada yake nilirudia The River Between ya Ngũgĩ, ya 1965, nikashtuka. Mmishenari Livingstone wa Siriana anapita kwa mbali tu. Nyumba tunayoingia ni ya Joshua, mwongofu: baba mhubiri asiyepinda, mke anayenyamaza, mabinti wanaoasi, mmoja anakufa. Ni nyumba ya akina Price, ila baba ni wetu. Na Miriamu, mke wa Joshua, hapati hata robo ya maneno ya Orleanna.

Kwa hivyo visome vyote viwili, hicho cha Kingsolver kwanza. Mama Tataba anaondoka mapema sana, na riwaya haimfuati njiani. Mimi ningependa kumfuata hadi kwake, nisikie akivua viatu anawaambia nini wanawe kuhusu yule mzungu wa matuta.