Majina ya Jumapili Katika Masasi na Newala

Tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, Kiswahili kimekuwa lugha ya sala katika nchi ile, hata Newala juu ya uwanda wa Makonde. Pamoja na sala ilikuja kalenda ya Kanisa na majina ya siku zake. Majina hayo tumeyazoea hata hatuyasikii tena. Lakini mtoto wa mafundisho huyasikia, naye huuliza. Yafaa basi tuyapime.

Kwanza, jina Jumapili lenyewe. Twafundisha ya kuwa siku ya Bwana ni siku ya kwanza ya juma, kama Injili isemavyo katika habari za Ufufuo. Lakini kinywa chetu chataja ya pili. Sababu yajulikana: watu wa pwani huanza hesabu baada ya Ijumaa, hivyo Jumamosi ni ya kwanza na Jumapili huifuata. Mtu aweza kusema kwamba jina la namna hii halifai kanisani, na kwamba afadhali tutwae Dominika, watumiavyo ndugu zetu Wakatoliki, ambao Wabenediktini wao wako Ndanda, jirani na Masasi, tangu mwaka 1906.

Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Tazama Jumatano na Alhamisi. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya pwani. Na Alhamisi, neno la Kiarabu, maana yake ni ya tano vilevile. Yawezekanaje siku mbili zifuatanazo ziwe za tano zote mbili? Ni kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ile tuiitayo Jumapili, nao huiita ya kwanza. Basi Kiswahili kimetunza hesabu mbili, na kila atajaye Alhamisi, awe Mwislamu au Mkristo, aishuhudia siku ya kwanza pasipo kujua. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wasemao Kireno huiita Jumatatu siku ya pili. Ushuhuda ni uleule. Mwalimu akiyajua haya, atamjibu mtoto bila kubadili jina ambalo majirani wote hulitumia sokoni na shambani. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulitupa jando; alilitia mafundisho ya Kanisa. Na tufanye vivyo hivyo kwa Jumapili.

Kosa kubwa zaidi halikutoka pwani, tulilitengeneza wenyewe. Sikiliza tangazo hili: Jumapili ya tatu baada ya Utatu. Ndani yake mna pili, mna tatu, na tatu tena! Kwa Kiingereza jina la Utatu halifanani sana na neno la kuhesabia, wala jina la siku halina hesabu. Kwetu, tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno imekuwa fumbo. Na hesabu hiyo, kwa kitabu cha sala cha mwaka 1662, huendelea Jumapili 22 hadi 27, karibu nusu ya mwaka. Tena hesabu si kiini cha siku: kabla ya kalenda ya Roma kutengenezwa upya mwaka 1969, Jumapili iliyokuwa ya 5 baada ya Utatu Masasi ilikuwa ya 6 baada ya Pentekoste Ndanda.

Linganisha na majina yaliyofaulu. Jumapili ya Matawi haina haja ya mfasiri. Mtoto hulishika tawi mkononi. Majilio ni Kiswahili safi, na majira yake huangukia wakati wakulima wa uwandani wanapoingojea mvua, hivyo neno la kungojea ajaye lina nyumba mioyoni mwao.

Rai yangu ni hii. Hesabu ibaki katika kalenda, kwa kazi ya padre. Lakini mwalimu atangazapo ibada, aitaje siku kwa Injili yake. Katika kitabu cha mwaka 1662, Jumapili ile ya tatu husomwa Luka 15: basi na iitwe Jumapili ya Kondoo Aliyepotea. Penye masomo ya mzunguko wa miaka mitatu, jina lifuate Injili ya mwaka huo. Bibi asiyejua kusoma hatakumbuka ya tatu wala ya kumi na tisa. Kondoo atamkumbuka, na njiani atamsimulia mjukuu wake.