Programu ya mapishi ‘isiyo halali’: Kosa ni la mashine au la mtafsiri?

“MWANANGU, si halali vipi? Kwani ina nguruwe ndani?”

Swali hili niliulizwa na shangazi yangu sebuleni kwake Likoni, likizo ya Aprili. Tulikuwa tumeketi mbele ya tarakilishi aliyoachiwa na mwanawe, sanduku zito la rangi ya kijivu lenye mfumo wa Windows XP. Shangazi ana daftari la mapishi aliloanza kuliandika kabla hajaolewa. Wino umeanza kufifia, na macho yake pia. Alitaka tuyaingize mapishi hayo katika programu itakayomwonyesha kwa herufi kubwa, na kumzidishia vipimo anapopikia watu 40 badala ya 6. Programu ya aina hiyo tuliipata bila malipo. Nilipoibofya mara mbili, kikajitokeza kidirisha cha Kiingereza kikidai kwamba ile si “valid Win32 application”.

“Yasemaje?” akauliza.

Nami, mtu ninayeandika kuhusu lugha kila wiki, nikamjibu bila kufikiri: “Inasema hii si programu halali.”

Tulicheka sana. Lakini niliporudi Nairobi lile swali la nguruwe halikuniacha, maana Shangazi ndiye aliyekuwa sahihi. Halali ni kile kilichoruhusiwa na dini au sheria. Pasipoti huwa halali, ndoa huwa halali, nyama huwa halali. Programu yetu haikuwa imeharamishwa na mtu yeyote. Ilikuwa tu imetengenezewa mashine za biti 64, ilhali ile ya Shangazi, kama XP nyingi za nyumbani, ni ya biti 32. Ni sawa na kumletea mtu mtungi wa gesi naye anapikia jiko la makaa. Mtungi hauna kasoro, jiko halina kasoro, ila haviingiani. Ujumbe ambao ungemsaidia mama yule ungesema: “Programu hii imetengenezewa tarakilishi za kisasa zaidi. Tafuta toleo lake la zamani.” Sentensi mbili fupi, wala hakuna istilahi ndani yake ya kumtoa mtu jasho.

Kumbe neno lile lile lilikuwa limeshatusumbua asubuhi. Kabla hatujaipakua programu, kivinjari kilikataa kufungua tovuti yake, kikilalamika kwamba cheti cha usalama si “valid”. Nilizunguka kwa karibu saa nzima. Hatimaye nikampigia simu mpwa wangu, fundi wa vitu hivi mjini Nakuru, naye akaniuliza jambo moja tu: “Anko, hebu cheki saa hapo chini. Inasoma mwaka gani?” Nikatazama. Ilisoma 2002. “Basi ni betri, hiyo ndogo ya mviringo, CR2032. Ishakufa. Mashine inadhani tuko kitambo, sasa hicho cheti inakiona ni kama hakijaanza kufanya kazi.” Nikarekebisha tarehe kwa mkono, tovuti ikafunguka. (Betri yenyewe tulinunua baadaye dukani, zile zile za saa na rimoti.)

Tazama basi jinsi neno moja la Kiingereza lilivyobeba mizigo miwili tofauti. Kwenye cheti, maana yake ilikuwa muda: hakijaanza kutumika, au kimepitwa na wakati. Kwenye programu, maana ilikuwa kuoana na mashine. Mwingereza amezoea kulitumia neno hilo kotekote, na muktadha humsaidia kiasi. Sisi tunaotafsiri ndio tunaokosea tunapotafuta neno moja la Kiswahili la kulijibu neno moja la Kiingereza. Ukizipitia programu zilizotiwa Kiswahili utakutana mara na “si halali”, mara “batili”, mara “si sahihi”, kana kwamba watafsiri walikuwa wakibadilisha ladha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomweleza mtumiaji kimetokea nini au afanye nini.

Nadai kwamba Kiswahili cha kueleza hitilafu tunacho tayari, tena cha zamani. Kimekaa jikoni, ndani ya daftari lile lile tulilotaka kuliingiza kwenye mashine.

Chukua mahamri ya Shangazi. Anaanza na mahitaji: unga, sukari, iliki, hamira, tui la nazi, mafuta ya kukaangia. Hakuna kitu kinachozuka katikati ya kazi ambacho hakikutajwa mwanzoni. Kisha anaamrisha kwa vitenzi vifupi: kanda, funika, sukuma, kata. Lakini utamu wa sarufi yake hauko katika amri. Uko katika viambishi. Unga ukandwe mpaka uwe laini na usigande mkononi. Usipofura kwa saa moja, uache tena. Mafuta yakishika moto, tupa kipande kidogo cha unga. Kikielea mara moja, anza kukaanga, kikizama, subiri. Hesabu hizo -ki- na -sipo-. Kila hatua ina dalili yake ya kufaulu, na penye hatari ya kwenda mrama kuna njia ya kurudi. Mpishi hakuambii tu cha kutenda. Anakuambia utakachokiona ukipatia, na utakachokiona ukikosea.

Sasa weka kando yake miongozo ya kusakinisha programu, hasa ile iliyotafsiriwa. Ni amri tupu: bofya, bofya, kubali, bofya. Hata kitufe chenyewe mara nyingi huandikwa “Inayofuata”, kirejeshi kisicho na nomino ya kukirejelea. Inayofuata nini? Hatua? Siku? Ng’ombe? “Endelea” lingetosha. Na mambo yanapoharibika, mwongozo hukwambia hitilafu imetokea, kisha ukanyamaza. Hebu fikiria daftari la mapishi lenye ukurasa unaosema kwamba ubwabwa umeungua, basi.

Suala la mahitaji ndilo lililotuumiza zaidi. Tulipopata toleo la zamani la programu, likasakinika vizuri, nikaanza kujisifu. Tulipolifungua tukaambiwa kwamba faili iitwayo MSVCR100.dll haikupatikana, na kwamba huenda kuisakinisha programu upya kungetatua tatizo. Nikatii. Niliiondoa, nikairudisha. Ujumbe ule ule. Nikarudia mara ya tatu, Shangazi akaenda zake kuswali adhuhuri, akarudi akanikuta pale pale.

Ukweli ni kwamba ushauri ule haukunifaa kitu. Faili hiyo haikuwa sehemu ya programu ya mapishi hata kidogo. Huja ndani ya kifurushi kingine, Visual C++ cha mwaka 2010, ambacho waundaji wengi wa programu hukitegemea na mtumiaji hukisakinisha peke yake. Kusakinisha programu upya ni sawa na kumwambia aliyekosa tui apike tena tangu mwanzo, bila tui. Shangazi alipoelezwa hili na mpwa wangu kwa simu, alitoa hukumu ambayo sijaipata katika kitabu chochote cha tafsiri: “Sasa si angaliandika juu kabisa, kwenye mahitaji?”

Angaliandika, ndiyo. Nami nimejaribu kumwandikia kwa mtindo wake, karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa tarakilishi: “Kabla ya kuanza, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya My Computer, chagua Properties. Ukiona XP, chukua toleo la zamani la programu. Ukiona pia Service Pack 3, sakinisha kwanza Visual C++ ya 2010, ile ya biti 32. Isipokuwepo Service Pack 3, simama hapo, nipigie. Programu ikifunguka na ukaona orodha tupu ya mapishi, umefaulu. Ukisha kuisakinisha, chomoa waya wa intaneti. XP haijapata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 8, 2014.” Majina ya Kiingereza niliyaacha kwa sababu ndiyo yatakayomkodolea macho kwenye kioo. Kuyatafsiri kungempoteza.

Najua wapo watakaosema haya ni masuala ya istilahi, na kwamba wanaistilahi wetu wanajitahidi. Wanajitahidi kweli. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotiwa Kiswahili, kazi ambayo hatuiimbi vya kutosha. Neno “sakinisha” ni zuri mno: kusakini ni kukaa mahali, hivyo kusakinisha ni kuipa programu makazi. “Pakua” nalo limetoka jikoni na bandarini kwa pamoja, chakula hupakuliwa chunguni na shehena hupakuliwa melini, na Shangazi alilielewa kabla sijamfafanulia. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni kwamba miaka mingi tumeshindana juu ya nomino, tarakilishi au kompyuta au ngamizi, kipanya au puku, na wino mwingi umemwagika katika magazeti likiwemo hili. Sentensi inayomwambia mtu mashine yake imekwamia wapi hatukuigombania hata siku moja. Mtu hakwami kwa kukosa jina la kipanya. Hukwama kidirisha kinapotokea.

Wala tusidhani kwamba Kiingereza kilianza vyema. Mnamo 1969 duka la Neiman Marcus la Marekani lilitangaza katika katalogi yake tarakilishi ya jikoni iliyoundwa na Honeywell, ya kuhifadhia mapishi, kwa dola 10,600. Bei hiyo ilijumuisha mafunzo ya majuma mawili, kwa kuwa mpishi alitakiwa kuwasiliana na mashine kwa swichi na taa za namba za jozi. Hakuna ushahidi kwamba iliuzwa hata moja. Mpishi alitakiwa ahamie kwenye lugha ya mashine, naye akakataa. Nadhani alifanya busara.

Kwetu Likoni programu ilifunguka jioni, baada ya magharibi. Tukaanza na mchuzi wa samaki. Nikaandika samaki, nazi mbili, nyanya, ndimu. Tulipofika kwenye chumvi Shangazi akasema, kama lilivyosema daftari, “Kiasi.” Nikaandika “kiasi” katika kisanduku cha vipimo. Programu ikakataa. Ikasema, kwa Kiingereza, kwamba ile si “valid number”. Mara ya tatu siku hiyo, na sasa neno lina maana ya tatu: nilichoandika hakikuwa tarakimu.

Safari hii nilijihadhari. Nilimwambia, “Shangazi, inataka namba.”

“Namba ya chumvi?”

“Ndiyo.”

Akafikiri kidogo. Akaniambia niweke kijiko kimoja. Kisha akabadili nia, maana kijiko kimoja kwa samaki wa aina gani, na kama nazi ni changa je? Kiasi si uvivu wa kupima, alinieleza kwa upole wa mwalimu. Kiasi kinamwambia mpishi aonje. Ukiweka namba hapo, mjukuu wake atatia namba hata siku ambayo samaki amekuja na chumvi yake. Na ile hesabu ya kuzidisha kwa watu 40 ingezidisha chumvi pia, bila ulimi wa mtu kupita hapo.

Nikajaribu sifuri. Programu ikakubali mara moja, ikaandika mchuzi wenye chumvi sifuri, naye akaniangalia kama mtu aliyemkosea adabu. Mpwa wangu ndiye aliyetuokoa tena kwa simu: “Acha hiyo boksi ya namba bila kitu. Andika yote pale kwa jina la kiungo.” Tukafanya hivyo. Sasa katika orodha ya viungo vya Shangazi, baada ya binzari na kabla ya iliki, kuna kiungo kiitwacho Chumvi kiasi onja kwanza.