Mkusanyo wa Murumbi na Warithi Wake

Msomaji, ukitoka River Road na kuvuka Tom Mboya Street, utafika nyuma ya jengo kubwa ambalo zamani lilikuwa la Bank of India. Mlango wake watazama Moi Avenue. Humo ndimo zinamohifadhiwa nyaraka za taifa la Kenya. Lakini ukumbi wa chini una vitu vya namna nyingine: vinyago, vigoda, mikufu, nguo na silaha kutoka pande nyingi za Afrika. Ukumbi huo waitwa kwa jina la Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa, mama yake Mmasai. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais, naye hakudumu katika cheo hicho hata mwaka mmoja. Mapenzi yake makubwa yalikuwa vitabu na kazi za mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage, nyumba ya kuonyesha na kuuza sanaa mjini Nairobi. Katika miaka hiyo hiyo aliiuzia serikali mkusanyo wake, akitumaini kwamba nyumba yake ya Muthaiga ingegeuzwa kuwa chuo cha kuchunguza mambo ya Afrika. Chuo hakikupatikana, na nyumba ikabomolewa.

Basi, mtu wa namna hii aheshimiwe vipi? Wako wasemao kwamba mkusanyo wake usiguswe, kwa kuwa kila kitu kilichomo ni shahidi wa jicho lake. Ukiongeza cha mwingine, ushahidi huo wachafuka. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuipuuza. Lakini tazama alivyokusanya mwenyewe. Hakungoja kitu kiwe cha kale ndipo akithamini. Alinunua pia kazi za wasanii waliokuwa hai, kama Francis Nnaggenda wa Uganda na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, wangali vijana. Mkusanyo unaokoma siku ulipouzwa wahifadhi vitu vya Murumbi na kupoteza desturi yake.

Kwa maoni yangu, ukumbi wake ubaki ulivyo, lakini kando yake pafunguliwe chumba cha kazi za leo, kila kitu kikiandikwa mwaka wake na jina la fundi. Hapo jina ndilo jambo kubwa. Mara ngapi umeona kigoda kimeandikwa kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika tezo! Tena wanunuzi wasiende mbali kutafuta: waanzie River Road, kwa wachora vibao na wapamba matatu. (Najua wapo watakaocheka wakisikia matatu ikitajwa pamoja na vinyago.)

Vitu ambavyo Murumbi na mkewe walibaki navyo vilikuja kuwekwa Nairobi Gallery, katika ofisi ya zamani ya mkuu wa jimbo iliyojengwa mwaka 1913. Huko utaona samani, vito, nguo na stempu za posta, na utawajua wenyewe zaidi kuliko katika ukumbi wa Moi Avenue. Murumbi alifariki mwaka 1990, akazikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Nenda ukalione kaburi lake: limezungukwa na sanamu.