Wimbo wa Bure Hupangwa Kabla ya Kurekodiwa

Mchezo wa ngoma uitwao mganda una sauti mbili zinazoitesa simu inayourekodi. Ya kwanza ni ngoma kubwa, ambayo kishindo chake hufika tumboni kabla hakijafika masikioni. Ya pili ni vibuyu. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu chenye utando mwembamba, utando hutetema, na sauti hutoka na mkwaruzo mithili ya tarumbeta. Mchezo huu ulishika kasi pande za Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana walipogeuza gwaride na bendi za kijeshi kuwa ngoma yao.

Tuchukulie kwamba mtu wa Mbinga, mkoani Ruvuma, anataka kuurekodi nyumbani, auchanganye na gitaa na sauti yake, kisha augawe bure. Afanyeje? Wengi huanza kwa kuulizia bei ya kipaza sauti. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: wimbo utasafiri kwa njia gani? Jibu lake ndilo linaloamua namna ya kurekodi, kuchanganya na kuandika ruhusa. Ukiliacha hadi siku ya kusambaza, umechelewa.

Mfano wa karibu ni singeli. Uswahilini Dar es Salaam, kule Manzese na Tandale, maprodyuza walifanya kazi kwenye vyumba vidogo, kompyuta moja ikiwa na programu ya FL Studio au Virtual DJ. Walikata kipande kifupi cha taarabu, wakakizungusha, wakakipandisha kasi hadi mapigo 200 na hata 300 kwa dakika, kisha MC akaghani juu yake. Wimbo ulitoka kwa flashi na simu, ukaenda kwa madijei wa vigodoro, sherehe za usiku za mtaani, bila kupita dukani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso katika albamu ya Sounds of Sisso, na muziki huo ukafika kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwa fundi, jambo la kuzingatia ni kwamba biti zile zilitengenezwa kwa ajili ya maspika ya mtaani, zipenye kelele za watu usiku. Walijua mahali pa kusikilizwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Zamani mwanamuziki wa mwambao wa Nyasa alilazimika kuhama ili asikike. Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, alijulikana nchi nzima kupitia Tanzania One Theatre, kundi lililoanzishwa mwaka 1992 na lililofanya kazi zake Dar es Salaam. Leo simu iko mfukoni, na umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018. Kilichobaki ni ufundi.

Tuanze na chumba. Chumba cha mita tatu kwa tatu, sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu, kina tabia mbili. Sauti za juu hurukaruka ukutani, na hizo zinatibika. Mbinga ni mji wa baridi na wa kahawa, kwa hiyo mablanketi mazito na magunia hayakosekani. Tundika mawili nyuma ya mwimbaji na moja mbele yake, weka godoro ukutani, na mwangwi utapungua sana. Sauti za chini ni kesi nyingine. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kuta zilizoachana mita tatu hukuza mtetemo wa mara 57 kwa sekunde, na chumba cha mraba hukuza mtetemo huohuo mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Ngoma kubwa ikipigwa humo, kishindo huvimba na kufunika kila kitu. Blanketi halizuii hilo. Dawa ni kuitoa ngoma nje, uwanjani, mbali na ukuta, na kubaki na sauti ya mwimbaji ndani. Uwanjani kuna upepo, hasa ukiwa ufukweni Mbamba Bay au Liuli, kwa hiyo funika tundu la kipaza sauti cha simu kwa sponji au soksi safi. Ndani nako kuna bati: mvua za Novemba hadi Aprili zikianza kunyesha, kazi imesimama.

Sasa simu yenyewe. Programu ya kawaida ya kurekodi imetengenezwa kwa mazungumzo. Hupunguza sauti yenyewe pigo kubwa linapokuja na kuipandisha linapopita, hivyo wimbo unakuwa unapumua kila ngoma ikilia. Ubaya zaidi, kichujio chake cha kelele hudhani mkwaruzo wa kibuyu ni uchafu na kuufuta. Yaani simu inafuta kitu kilekile ulichokifuata. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa. Weka simu pembeni ya kibuyu, isitazamane na mdomo wake moja kwa moja, na uache nafasi: vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya ukomo. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo inaweza kupandishwa baadaye, lakini iliyopasuka haiponi.

Wenye simu mbili huwa na tamaa ya kuzielekeza zote kwenye ngoma moja. Hapo pana mtego. Simu moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa mita moja, sauti huifikia ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.003. Ukizichanganya kwa nguvu sawa, mitetemo ya karibu 170 kwa sekunde hufutana, na ngoma inapoteza mwili wake. Ni afadhali kila simu iwe na kazi yake: moja ngoma, nyingine vibuyu, na zikae mbali. Anzeni kwa kofi moja kali linalosikika kwenye simu zote, kisha kwenye Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, linganisha makofi hayo na rekodi zote zitakaa sawa. Unapoongeza gitaa au sauti juu yake, tumia hedifoni za waya. Za bluututhi huweza kuchelewesha sauti kwa sekunde 0.15 au zaidi. Kwenye wimbo wa mapigo 100 kwa dakika hiyo ni robo ya pigo, na kwenye singeli ya mapigo 240 ni zaidi ya nusu.

Tumefika kwenye miksi, na hapa ndipo lile swali la safari linapodai jibu. Wimbo huu utasikika kwenye spika moja ya bodaboda, kwenye redio ya kibandani, kwenye simu iliyolazwa mezani. Spika ya simu haitoi kabisa mitetemo ya chini ya ngoma kubwa. Ukichanganya kwa sabufa pekee utafurahi peke yako. Pandisha sauti ya fimbo inapogusa ngozi, na uongeze mkwaruzo kidogo kwenye ngoma. Sikio likisikia vipande vya juu vya mlio, hujijazia lenyewe noti ya chini. Kisha unganisha pande zote mbili, kushoto na kulia, kuwa chaneli moja na usikilize kwa simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani. Ngoma ikisikika hapo, itasikika popote.

Chaneli moja inaleta faida nyingine kwenye faili. Wimbo wa dakika nne kwa WAV ya chaneli mbili unakaribia megabaiti 42. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni kama 9.6, na ya kilobiti 128 ni kama 3.8. Hizo kilobiti 128 zikihudumia chaneli moja badala ya mbili, ubora unatosha na mtu wa bando dogo haumii. Picha ya jalada iwe ndogo, maana picha ya megabaiti tatu inakaribia kulifanya faili liwe kubwa mara mbili. Kwenye WhatsApp tuma kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ili faili lifike lilivyo. Na WAV asilia ihifadhiwe, kwa mfano kwenye tovuti ya Internet Archive, kwa atakayetaka kuifanyia kazi.

Faili likipita kwenye simu kumi, maelezo yote ya pembeni hupotea. Yanayobaki ni yaliyoandikwa ndani yake. Kwa hiyo jaza humo jina la wimbo, kikundi, kijiji, mwaka na ruhusa.

Ruhusa ndiyo wengi wanayoiruka. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999, haki huzaliwa na kazi yenyewe, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baadaye. Maana yake ni kwamba ukinyamaza hujatoa kitu. Dijei mwangalifu ataogopa kuupiga wimbo wako. Leseni za Creative Commons, zilizotoka Desemba 2002, hukuwezesha kusema kwa mstari mmoja unaruhusu nini. Ninachoshauri ni ile inayodai jina lako litajwe tu, au inayoongeza kwamba atakayeugeuza wimbo naye autoe kwa masharti yaleyale. Ile inayokataza biashara huonekana kama kinga, lakini baa, daladala na dijei wa harusi wote wako kazini, na hao ndio wabebaji wako. Kama wewe ni mwanachama wa chombo kinachokusanya mirabaha, soma mkataba wako kwanza.

Hapa singeli haifai kuigwa. Kipande cha taarabu ulichokikata kwenye wimbo wa mwenzako huna haki ya kukitolea leseni. Mwanamuziki wa Ruvuma ana nafasi nzuri zaidi kwa sababu ngoma anairekodi mwenyewe kwenye chimbuko lake. Hata hivyo, wapigaji nao wana haki juu ya utendaji wao, na sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake. Njia rahisi ni kuacha simu ikiendelea kurekodi: kabla ya kofi la kuanzia, kiongozi wa kikundi ataje majina, wimbo ni wa nani, na wamekubaliana ugawiwe vipi. Dakika moja ya sauti, ikihifadhiwa pamoja na WAV asilia, humaliza ubishi wa miaka.

Kwa hiyo kabla ya kununua kipaza sauti, chukua karatasi uandike nani ataubeba wimbo, kwa kifaa gani, na unamruhusu afanye nini nao. Mambo hayo matatu hayana gharama, na ndiyo yatakayokuonyesha kama unahitaji kununua chochote.